Karatasi Iliyofunga Chapati

Wandegeya, saa moja na nusu asubuhi.
Isabirye anavunja mayai mawili kwa mkono mmoja,
kitunguu, nyanya, kabichi kidogo,
anaiviringisha chapati kama mkeka wa msikiti
na kunikabidhi rolex yangu ndani ya karatasi nyeupe.

Nang'ata. Mafuta yanapenya.
Ndani ya doa la mafuta herufi zinajitokeza,
kisha nembo: ngao ya buluu. Yetu.
Ukurasa wa 14 kati ya 60.
Jina la mwanamke. Siku aliyozaliwa. Nambari ya kitambulisho.
Daktari alimwandikia nini, lini,
na kwa nini bima tulimnyima.

Tonge likasimama kooni.

Maana mlinzi ndimi.
Ghorofa ya sita, mlangoni, kwa herufi za shaba:
Afisa wa Ulinzi wa Taarifa.
Nimeziba tundu za flashi kwenye kompyuta mia nne.
Nywila ni herufi kumi na mbili, na hazirudiwi.
Barua pepe ikibeba nambari ya mteja hukwama getini
kama lori la chumvi lisilo na hati pale Malaba.
Nilimsimamisha kazi Tumuhimbise wa mauzo
kwa kujitumia orodha ya wateja,
aimalizie nyumbani, mwanawe ana homa.
Nilimsomea sera kifungu kwa kifungu.
Wakurugenzi wakapiga makofi. Kulikuwa na keki.

"Isabirye, karatasi hizi umezitoa wapi?"
"Katwe, nnyabo. Zinauzwa kwa kilo.
Hizi ni nzuri, nene. Za madaftari ya shule hulowa upesi."

Chini ya meza lilikuwapo rundo, kimo cha goti.
Nikalinunua lote, elfu kumi na tano.
Akadhani nafungua kibanda changu.
"Utaniulia biashara!" akacheka, akageuza chapati nyingine.

Nikaifuata ile njia kinyumenyume, kama afuataye msafara wa mchwa:
mwanamke wa mizani, Katwe;
kijana wa toroli;
mlango wa nyuma wa jengo letu;
gunia;
Nabwire.

Nabwire, afagiaye ghorofa yetu tangu sijaajiriwa,
ambaye hatukumwalika semina hata moja
kwa kuwa hana barua pepe.

"Mashine ya kukata karatasi ilikufa mwezi wa pili," akasema.
"Niliripoti. Wakaniambia nyingine inakuja.
Kuzichoma sikutaka, moshi unaingia darasani kwa watoto, pale nyuma."
Akasimama na fagio lake
akingoja nimsomee kifungu.

Nilikitafuta. Wallahi nilikitafuta.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nasi mtungi tuliupaka rangi,
tukautia kufuli, tukauandikia sera ya kurasa arobaini,
na kata tukaiacha koridoni
kwa mshahara wa laki mbili.

Jumatatu nilimvutia kiti kwenye mkutano.
Alikaa ukingoni, kama kiti kinamuunguza.
Akauliza swali moja tu:
"Na zile mnazochapisha, mkazisahau kwenye printa hadi usiku,
huwa ni za nani?"
Mkurugenzi wa fedha akatazama saa yake.

Mashine mpya imefika, inanguruma kama posho mill.
Tumuhimbise nimemwandikia barua.
Hajajibu, wala simlaumu.

Ukurasa wa 14 niliukata mwenyewe, kwa mkasi, jikoni kwangu,
vipande vidogo kuliko kucha.
Lakini jina la yule mwanamke limebaki kichwani,
na hakuna mashine ya kulifuta humo.
Kwenye foleni ya benki huwatazama wanawake wa rika lake
nikaona haya, kama niliyechungulia dirisha la mtu.

Mngependa kulijua. Silitaji.
Shairi nalo ni karatasi,
na kesho hujui litafungia nini,
mkononi mwa nani.